Mrejesho: Mpwa wangu aliyenusurika mtumbwi ulipopinduka

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri wenu. Miezi miwili iliyopita niliuliza kama mpwa wangu wa miaka 6, aliyenusurika na mama yake mtumbwi ulipopinduka Ziwa Tanganyika, amerogwa au anaumwa, kwa kuwa alirudia kukojoa kitandani, na kila jioni alipanga vifuniko vya soda ndani ya kopo, akalizamisha kwenye beseni, kisha akaanza upya bila kucheka.

Tulimpeleka hospitali hapa Kigoma mjini. Daktari wa afya ya akili alitueleza kuwa mtoto ana kiwewe, yaani ugonjwa wa akili unaofuata tukio la kutisha, na kwamba hakipimwi kwa damu. Hutambuliwa kwa mahojiano ya kina, na dalili sharti zizidi mwezi 1 na zivuruge maisha ya kila siku. Mtu mzima huweza kueleza kumbukumbu zinazomvamia, ilhali mtoto mdogo huonyesha kwa mchezo, na ndoto zake za kutisha huenda zisihusu maji kabisa. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2013 wa kutambua magonjwa ya akili uliweka vigezo vya pekee kwa watoto wa miaka 6 na chini yake.

Kilichoniuma ni pale daktari alipomgeukia dada yangu. Tangu ajali hakuwa amekanyaga ufukweni Kibirizi kununua dagaa, hapati usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, nasi tulimwita mvivu. Naye alikutwa na ugonjwa uleule.

Wote wawili wameanza ushauri nasaha. Mtoto bado hulia usiku, lakini juzi alilisukuma kopo taratibu hadi ukingoni mwa beseni, akavitoa vifuniko kimoja kimoja, vyote vikavu.