Tikiti la kikapu, nanasi la mashua au ungo wa kupanga: mngechagua lipi?

Nalongo_Jinja: Hamjambo ndugu zangu. Jumapili tunabatiza pacha, wageni 40 hivi, uani chini ya turubai. Wapishi wapo, mimi nimeachiwa meza ya matunda na nataka ipendeze. Nimewaza njia tatu: tikiti lililochongwa kikapu, nanasi lililopasuliwa mashua, au matunda kupangwa kwa rangi kwenye ungo. Kadi inasema saa nane, lakini mnatujua.

FundiKeki (Ntinda): Tikiti! Ndilo litakalopigwa picha. Chora kwanza kwa kalamu, ondoa robo mbili za juu, acha mkanda wa vidole vitatu uwe mkono wa kikapu, ukingo ukate meno-meno. Chini punguza ganda kidogo likae, lisibingirike.

Shangazi_Mbale: Picha sawa, mwanangu, lakini umewahi kulitazama baada ya saa mbili? Nilichonga moja harusi ya mdogo wangu. Hotuba zilipoisha, papai lilikuwa linaogelea. Tikiti hutoa maji, na papai bivu likilowa ni uji. Mkono wenyewe ulikatika mtoto alipoushika.

Mkulima_Kayunga: Naomba nitetee nanasi. Lipasue kwa urefu pamoja na majani yake. Zungusha kisu ndani ya ganda, toa ule moyo mgumu, katakata nyama, kisha rudisha vipande gandani ukisukuma kimoja kushoto, kimoja kulia. Nusu moja inatosha watu wanne, kwa hiyo yanunue matano. Chagua linalonukia kitakoni, usidanganywe na rangi.

FundiKeki (Ntinda): Mashua kumi zimejipanga mezani kama gwaride la polisi? Hapana jamani.

Shangazi_Mbale: Ndiyo maana nasema ungo. Chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto polepole mpaka ling'ae na kulainika. Likiwa bichi litapasuka ukilikunja. Litandike. Ukingoni panga tikiti pembetatu na ganda lake, ndani nanasi, kisha embe na papai lisiloiva sana, katikati pasheni zilizokatwa nusu. Ndizi tamu ya bogoya ikatwe mwisho kabisa na kunyunyiziwa ndimu, la sivyo itakuwa kahawia kabla padri hajafika. Fenesi lipe sahani yake peke yake, harufu yake haina adabu. Kisu na mikono paka mafuta kwanza, utomvu ule hautoki kwa sabuni.

BodaWalukuba: Mkimtuma mtu sokoni, tikiti lisipakiwe juu ya papai. Nimelipa papai la watu kwa ajili hiyo.

Mgeni_Arua: Tufaha na zabibu je? Zinapendeza.

Nalongo_Jinja: Zinatoka nje ya nchi, bei yake nanunua mananasi ya ukoo mzima. Basi nimeamua: nyungo mbili za Shangazi, kila moja na mashua moja katikati badala ya pasheni. FundiKeki, nakuachia tikiti moja dogo uchonge kwa ajili ya picha, ndani tutie maua tu. Vitu vyote nafunika kitambaa chenye maji mpaka wageni wakae. Ila Shangazi, nikikosa embe?

Shangazi_Mbale: Ongeza papai. Rangi ni ileile, na mgeni wa saa kumi haulizi.