Tikiti kumi za droo ya mashine ya boti: nafasi yangu ni ipi hasa?

Mvuvi wa Shela (Lamu)
Assalaam aleikum ndugu zangu. Hapa Amu zinauzwa tikiti za bahati nasibu ambayo zawadi yake ni mashine ya boti. Tikiti moja ni shilingi 200, na bango linasema kuna tikiti 3,000. Muuzaji ameniambia kwamba nikinunua kumi bahati yangu itaongezeka mara kumi, nami nina shilingi 2,000 nilizoziweka kwa ajili ya nyavu. Je, asemayo ni kweli, na yale maandishi madogo nyuma ya tikiti yana uzito gani? Suala la halali na haramu nimelipeleka kwa wenye elimu. Hapa nauliza hesabu tu.

Mwalimu wa Hesabu (Malindi)
Waaleikum salaam. Muuzaji hakusema uongo, ila amekupa nusu ya hesabu. Tikiti kumi kati ya 3,000 ni nafasi 1 kati ya 300. Ni mara kumi kweli, lakini ni mara kumi ya kitu kidogo mno. Pima na thamani pia: tuseme mashine hiyo dukani ni shilingi 250,000, ukiigawanya kwa tikiti zote, kila tikiti inabeba kama shilingi 83, nawe unailipia 200. Hata hivyo droo yenu ina huruma ukiilinganisha na mchezo wa kuchagua nambari 6 kati ya 49, ambao nafasi ya kuzipata zote ni 1 kati ya 13,983,816. Wala usidhani kwamba ukiingia droo kama hii mara 300, kila mara na tikiti kumi, lazima ushinde angalau mara moja, kwa sababu kila droo huanza upya bila kujali ulichopoteza jana, na kati ya watu 100 watakaofanya hivyo takriban 37 hawataambulia kitu.

Bi Mkomani
Hesabu ya Mwalimu inasimama ikiwa tikiti ni 3,000 kweli, na jambo hilo huamuliwa na maandishi madogo. Mwanangu, tafuta sentensi isemayo kwamba mwandalizi anaweza kuahirisha droo iwapo mauzo hayatatosha. Zikiuzwa tikiti 500 tu, kumi zako zingekupa nafasi 1 kati ya 50, lakini sharti hilo linakunyang'anya siku hiyo nzuri na kukuachia zile mbaya peke yake. Tazama pia kama zawadi inaweza kubadilishwa na nyingine, mshindi amepewa siku ngapi za kujitokeza, na inachukuliwa wapi. Mimi niliwahi kushinda friji katika droo ya duka moja, nikaambiwa niifuate Mombasa kwa gharama yangu. Nililipia lori hadi Mokowe, kisha boti hadi Amu, na wapagazi juu yake, nikaona bora ningeinunua.

Msomaji wa Masharti (Malindi)
Nyongeza fupi: Kenya imekuwa na sheria ya kamari na bahati nasibu tangu 1966, na droo ya kuuziwa umma huhitaji kibali. Omba uonyeshwe nambari yake. Na yeyote atakayekupigia simu akidai umeshinda, kisha akataka utume ada kwanza, ni tapeli.

Mvuvi wa Shela (Lamu)
Shukrani, Mwalimu, na wewe Bi. Nimerudi kusoma kwa utulivu. Sharti la kuahirisha lipo, na zawadi inachukuliwa Mombasa. Kibali hakikutajwa popote. Lililonishangaza zaidi ni kwamba tikiti moja niliyokwisha kuinunua ina nambari 4127.

Mwalimu wa Hesabu (Malindi)
Huenda vitabu vyao havikuanzia 1, kwa hiyo tusiwatuhumu mapema. Muulize muuzaji nambari ya kwanza na ya mwisho, akuandikie.

Mvuvi wa Shela (Lamu)
Nimemuuliza. Amesema hilo analijua mwenye droo, naye yuko safarini. Zile 2,000 zimekwenda kwenye nyavu.