Nyumba ya mawe Lamu: chumba cha chini tuwaelezeje wageni?

Bi_Daka

Assalamu aleikum jamaa. Nauliza kuhusu nyumba ya mawe ya karne ya 19 hapa mtaa wa Mkomani, Lamu, ambayo imefunguliwa kwa wageni kama makumbusho madogo. Ghorofani hakuna shida: zidaka (vishubaka vya ukutani), sahani za kaure, vitanda, milango, vyote vina maelezo. Shida iko chini. Kuna chumba cha giza kisicho na dirisha ila tundu la hewa, na bango lake linasema "ghala na makazi ya wahudumu". Waongozaji wa watalii huwaambia wageni kwamba ilikuwa jela ya watumwa. Sasa umeletwa mnyororo wa chuma kutoka duka la vitu vya kale, wanataka utundikwe ukutani. Wenye nyumba nao wanavuta upande wao: neno utumwa lisiandikwe popote, kwani huko ni kufukua makaburi.

Pesa zilizopo zinatosha mabango sita na mafunzo ya siku mbili kwa waongozaji kumi hivi. Tuandike nini, kwa maneno gani, na tuweke wapi?

Mtafiti_wa_Pwani

Wa aleikumu salaam, dada. Tuanze na mnyororo: usiutundike. Kitu kisichojulikana kilikotoka kikishaingia makumbusho, baada ya miaka mitano kitaitwa ushahidi na hakuna atakayekumbuka duka. Uandike kwenye daftari la vifaa, tarehe ulipoingia na nani aliuleta, kisha ufungie sandukuni.

Hiyo "jela" nayo ipimwe kwa macho kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Tazama komeo na pete ya mnyororo wa mlango ziko upande upi. Zikiwa nje, bado hujathibitisha kitu, maana ghala pia hufungwa kwa nje. Tafuta masizi ukutani, mahali pa mafiga, jiwe la kusagia, alama ya kinu sakafuni. Nyumba za waungwana wa Lamu, yaani watu huru wa tabaka la juu, kwa kawaida ziliwaweka wenyewe juu, na chini wakakaa watumwa wa nyumbani pamoja na mizigo. Kwa hiyo sentensi iliyo salama ni hii: "Katika nyumba kama hii, watu waliomilikiwa walilala na kufanya kazi vyumba vya chini." Jela ni dai jingine, na lina mzigo wake wa kuthibitisha.

Kosa hilihili hutokea Ngomeni, yaani Ngome ya Lamu. Ngome ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela na kumalizika mnamo 1821. Lakini vyuma na vyumba vya kufungia watu ni vya gereza, lililokuwa humo tangu 1910 hadi 1984. Anayesimama mbele ya nondo za gereza la mkoloni akisimulia watumwa amechanganya historia mbili, na mgeni aliyesoma atamwumbua.

Kila sentensi ya bango ipewe daraja wakati wa kuandika, hata kama mgeni hataiona: tunajua kwa nyumba hii, tunajua kwa Lamu, au husemwa. Za tatu usizifute zote, ila zianze na "husemwa" au "wazee husimulia". Bango lenye sentensi za daraja la tatu tupu halina kazi.

Sasa maneno. "Wahudumu" liondoke hata kama familia italipenda. Mhudumu hulipwa, na akichoka huaga. Neno lenyewe la Kiswahili lina ukweli wake: mtumwa ni aliyetumwa, yaani kitenzi kimo ndani na kuna mtu mwingine anayetuma. Ukitaka mkazo zaidi, andika "watu waliofanywa watumwa" mara ya kwanza kisha endelea na "watumwa". Usilirudie refu kila mstari, bango litakuwa kama hati ya mahakama. Halafu kuna maneno ya wakati ule ambayo yanafaa bango zima: mtwana kwa mwanamume, mjakazi kwa mwanamke, mzalia aliyezaliwa hukuhuku, mjinga aliyeletwa karibuni na hajui lugha, mtoro aliyekimbia. Hebu fikiria mgeni wa Nairobi anavyosoma kwamba "mjinga" liliwahi kuwa jina la mtu aliyetolewa kwao jana.

Miaka msichanganye. Mkataba wa Juni 1873 baina ya Sultani Barghash na Waingereza ulipiga marufuku biashara ya baharini na kufunga soko la Unguja. Haukumwachilia mtumwa aliyekuwa tayari shambani au nyumbani. Unguja na Pemba hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria 1897, na ukanda wa pwani ya Kenya 1907. Miaka kumi kati ya hizo mbili ndiyo waongozaji wengi huimeza. Na fidia ya 1907 walilipwa wenye watumwa. Hilo liandikwe.

Boriti_na_Chokaa

Mimi nizungumzie ukuta tu. Kabla ya kutoboa chochote nenda ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa hapo Lamu, mji wote wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na nyumba haziguswi kiholela. Ukiruhusiwa, usizibe tundu kwa saruji. Ukuta ni matumbawe na chokaa, unapumua unyevu wenye chumvi. Saruji huuzuia unyevu, chumvi inatokea pembeni, na lipu inabanduka kama ganda la kidonda. Afadhali zaidi usitoboe: tengeneza stendi ya mbao inayosimama sakafuni, au ning'iniza kwa kamba kwenye boriti.

Boriti za mikoko ndizo zinazofanya vyumba viwe vyembamba, mita 2.5 hadi 3 basi. Kundi la watu 20 halitosoma bango mle, wa nyuma watasikia tu mwongozaji. Weka kikomo cha watu 8 chumba cha chini.

Herufi zisiwe chini ya pointi 28 kwa sababu ya giza, katikati ya bango iwe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, na karatasi isiwe ya kung'aa. Plastiki ya kung'aa ukiimulika na tochi ya simu husomi kitu. Lile la kiwandani, yaani uani penye jua, usichapishe kwa printa ya kawaida, wino mwekundu utakuacha kabla ya kaskazi nyingine. Maneno 70 kwa Kiswahili, 70 kwa Kiingereza, Kiswahili juu.

Mwana_wa_Malindi

Naongeza la mashamba, maana Lamu mnapenda sana kuzungumza nyumba. Mtumwa wa nyumbani alikuwa mmoja kati ya aina nyingi. Mtama na ufuta uliosafirishwa ng'ambo ulilimwa na watumwa, bara mkabala na Lamu na zaidi huku Malindi, mji ulioamshwa upya miaka ya 1860 kwa nguvu za Sultani wa Unguja na ukageuka ghala la nafaka. Bango moja kati ya sita liseme utajiri wa zile kaure za ghorofani ulitoka wapi. Bila hilo mgeni atadhani utumwa ulikuwa jambo la jikoni.

Huku kwetu kosa ni la aina nyingine. Mgeni huanzia nguzo ya Vasco da Gama, 1498, anapelekwa magofu ya mji wa Gede, kisha njiani anasimuliwa watumwa kana kwamba yote ni enzi moja. Gede ilikuwa imehamwa mapema karne ya 17. Mashamba makubwa ya Malindi ni ya karne ya 19. Na majina yasiwadanganye: Jumba la Mtwana kule Mtwapa ni magofu ya karne ya 14 na 15, jina peke yake halithibitishi soko la watumwa.

Na tafadhali msiandike lile la "utumwa wetu ulikuwa mpole". Kama ulikuwa mpole, watoro walikuwa wakikimbia nini? Fuladoyo, bara ya Malindi, ilikuwa kijiji kizima cha waliokimbia, na Witu, bara ya Lamu, kwa Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, wengi walipata hifadhi. Wala msiifanye Witu pepo. Watu wa Witu nao waliteka wengine.

Bi_Daka

Shukrani nyote. Mnyororo umekwisha kuingia sandukuni. Lakini bado sijajua la kuwaambia wenye nyumba. Hoja yao ni kwamba watu watauliza "watumwa wa nani", na majirani watatajana.

Binti_Langoni

Dada, hofu yao ina msingi, ila dawa yake si kunyamaza. Dawa ni kutotaja nasaba. Bango lizungumzie kazi, vyumba na sheria. Hakuna jina la familia, si ya aliyemiliki wala ya aliyemilikiwa, isipokuwa mtu mwenyewe ameomba na ameandika ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu asili ya mtu ya kikabila na kijamii kuwa taarifa nyeti. Mkirekodi wazee, ridhaa iwe mbili tofauti: moja ya kurekodiwa, nyingine ya kuonyeshwa kwa wageni. Wengi wanakubali ya kwanza na kukataa ya pili, na mzee akibadili nia mwezi ujao, ifutwe bila ubishi.

Kuna jambo wenye nyumba wanalijua na hawalisemi. Kwa sharia ya Kiislamu, mtoto wa suria (mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake) aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na alirithi sawa na nduguze. Kwa hiyo mpaka wa mwungwana na mtumwa ulipita ndani ya nyumba, mara nyingi kwa bibi mzaa baba. Kaa nao faraghani, mkubwa wa familia kwanza, umweleze kwamba bango halitagusa hilo kwa nyumba yao. Ukimwendea na rasimu mkononi badala ya wazo tupu, mazungumzo yatakuwa ya kalamu: futa neno hili, ongeza lile. Mpe siku 14. Yeye asahihishe ukweli, lakini ruhusa ya kufuta mada isiwe mezani tangu mwanzo, na umwambie hivyo kwa adabu.

Wasemee na waliokuwa chini kama watu wenye akili na juhudi, si mateso peke yake. Habib Swaleh alipofika kutoka Ngazija aliwafundisha dini watu ambao waungwana wa Mkomani hawakutaka kukaa nao darasani, na msikiti wa Riyadha ukasimama upande wa mtaa wa Langoni. Hiyo ni historia ya Lamu ambayo hata mwenye nyumba ataisoma kwa heshima.

Kwa kitu cha kuonyesha, badala ya chuma weka mchoro wa shiraa. Lile hema la kitambaa lililomfunika bibi wa kiungwana akipita njiani, miti yake ilishikwa na wajakazi, mbele na nyuma, wenyewe nyuso wazi. Yule asiyetaka kushuka njiani alivuka kwa wikio, daraja la juu baina ya nyumba na nyumba. Mgeni akishaiona ile picha hahitaji hotuba.

Waongozaji: msiwakaripie. Wanatia chumvi kwa sababu jela huleta bahshishi. Siku ya kwanza wapeni hadithi bora kuliko jela, siku ya pili kila mmoja aongoze dakika 10 chumba cha chini huku wenzake wakihesabu sentensi zisizo na ushahidi. Wafundishwe pia jibu la swali gumu. Mgeni akiuliza "familia hii ilikuwa na watumwa wangapi?", jibu ni "hesabu ya nyumba hii haijapatikana", kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Na mgeni mweusi kutoka Marekani akilia mle ndani, asipigwe picha, asiharakishwe, kundi lipelekwe kiwandani.

Mtafiti_wa_Pwani

Naunga mkono, ila mada ya suria isifichwe kabisa. Iwe sentensi moja katika bango la sheria, bila kuihusisha na nyumba hiyo. Ukiiacha, umewafuta wanawake waliokuwa wengi ndani ya nyumba hizi.

Na bango la kwanza lisiwe chumba cha giza. Mgeni akianzia hapo atafikiri utumwa ulikaa chini na uzuri juu. Anza chooni, kwenye birika, lile tangi la maji la kujengwa. Lipime kwa ndani, urefu mara upana mara kina, utapata lita zake, gawa kwa 20 upate idadi ya ndoo. Kisha hesabu ngazi kutoka kisimani. Andika namba hizo mbili na swali moja: nani aliyapandisha maji haya?

Bi_Daka

Nimelipima leo. Mita 1.1 kwa 0.7 kwa 0.6, lita 462. Ndoo 23 na maji kidogo. Ngazi ni 19. Rasimu inaenda kwa mkubwa wa familia Jumamosi baada ya alasiri.