Gereji Arusha imenila milioni 1.28 kwa sababu ya sensa ya pedali ya klachi. Leo natema nyongo

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu huwa ni msomaji tu: napita, nacheka, naondoka. Leo nimekuja na moto, lugha ikinitoka mnivumilie.

Jina la gereji siandiki. Iko Unga Limited, na Unga Limited gereji ni nyingi kuliko maduka ya soda, kwa hiyo msianze kubahatisha. Aina ya gari nayo sitaji, maana nikitaja tu uzi utaacha mada na kugeuka vita vya Mjapani na Mjerumani. Jueni tu kwamba ni pikapu ya dizeli ya mwaka 2012, gia za mkono, na ni katika yale magari ambayo hayawaki mpaka ukanyage klachi.

Ilianzia uwanja wa ndege wa KIA. Nimempokea shemeji, mizigo ipo nyuma, nakanyaga klachi, nageuza funguo: kimya. Si ule mlio wa tik-tik-tik wa betri iliyochoka, wala stata haijajikongoja. Kimya kabisa. Taa za dashi zinawaka kali, redio inaongea, honi inapiga. Nikaachia pedali, nikakanyaga tena, likawaka kama halijafanya kitu. Nikajisemea labda mguu haukufika chini.

Wiki mbili mbele mchezo ukawa wa kila siku. Leo linawaka mara ya kwanza, kesho mara ya tano. Pale Soko la Kilombero gari liligoma kabisa, nimezibia njia ya watu wa maguta wanaokwenda kushusha nyanya, matusi niliyokula siyarudii hapa. Vijana wakalisukuma, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, likashika hapo hapo. Zingatieni hilo: kwa kusukumwa linawaka bila shida. Na kuna mengine mawili niliyaona. Kruzi, ile inayoshika mwendo bila mguu kwenye mafuta, ambayo huwa naitumia nikitoka Bomang'ombe kurudi Arusha, ilikataa kushika. Halafu nikibadilisha gia injini ilikuwa inabaki inanguruma juu kidogo badala ya kushuka, kama mtu aliyesahau mguu kwenye mafuta.

Haya yote, WAKUU, nilimweleza fundi mkuu wa ile gereji. Yote. Tena nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama niko kwa daktari. Akanisikiliza huku anachati, halafu akasema: "Betri hiyo, bosi."

Betri 290,000. Nikalipa. Siku mbili, kimya kile kile.

"Basi stata." Stata wakaifungua, wakaipeleka kwa mtu wao, ikarudi imepakwa rangi ya fedha inang'aa kama sufuria mpya. 180,000. Siku nne safari hii. Nikaanza kuona kama nina bahati.

Niliporudi mara ya tatu, akili ikawajia kwamba kuna mashine ya kupimia. Kupima 40,000. Wakachomeka, kijana akasoma, akamwita mkuu wake, wakaangaliana kama wamegundua dhahabu. Kioo kilionyesha kodi moja, yaani namba ya hitilafu (si ya TRA hii): P0704, na mbele yake neno klachi. Mimi nikapiga picha kwa simu, na hiyo picha ndiyo silaha yangu leo.

Mkuu akasema, nanukuu: "Unaona? Mashine haidanganyi. Klachi yako imekufa."

Nikamuuliza mbona haitelezi? Mbona mlima wa Ilboru napanda na mifuko ishirini ya saruji na gari halilalamiki? Akaniambia, "Mzee, wewe ni dereva, mimi ni fundi." Nilinyamaza. Hapo ndipo ninapojilaumu. Wakashusha gia boksi. Pleti mpya, presha pleti mpya, rilizi beringi mpya, seti nzima 620,000, ufundi 150,000. Gari likalala kwao siku tatu.

Jumlisheni wenyewe: 290,000 na 180,000 na 40,000 na 620,000 na 150,000. 1,280,000. Risiti ya mashine ya EFD sijapewa hata moja. Nilipewa karatasi ya daftari la shule, ina mistari miwili na doa la grisi.

Lakini gari likawa linawaka! Kila nikigusa funguo, linawaka. Nikawasifia kwa watu. Kuna jirani nilimpeleka mimi mwenyewe pale, Mungu anisamehe. Kruzi bado ilikuwa haishiki, nikasema hiyo ni anasa, tuachane nayo.

Sasa njooni kwenye kilichonifanya niandike.

Nyumbani kwangu ni mtelemko, kwa hiyo gari naliegesha kwenye gia, hendibreki peke yake siiamini. Jumapili moja mvua inaanza, nikampa mpwa wangu wa miaka 14 funguo apandishe vioo. Mtoto hajui kuendesha, amekaa kitini, miguu wala haijagusa pedali, akageuza funguo ikapitiliza hadi mwisho. Gari la gia za mkono linalotaka klachi ikanyagwe halitakiwi kufanya chochote hapo. Liliruka. Liliruka mbele na kuingia kwenye banda la kuku, likabomoa ukuta wa tofali na kusimama juu ya benchi ambalo mama yangu hukaa kumenyea ndizi. Mama alikuwa ameinuka kwenda kutafuta beseni. Kuku wanne walikufa. Mpwa wangu hadi leo hataki kukaa kiti cha mbele.

Nililia, wakuu. Sioni aibu kuwaambia.

Gereji ile sikurudi. Rafiki yangu mmoja wa Moshi akaniambia, njoo huku Pasua kuna dogo, hana bango wala hana ovaroli, lakini ana mita ya kupimia umeme. Kilomita kama themanini nikaziendesha roho mkononi. Dogo kweli hana mambo mengi. Kabla hajafungua boneti aliuliza: "Braza, lilipokuwa linagoma, taa za dashi zilikuwa zinafifia?" Hapana. "Stata ilikuwa inatoa mlio wowote?" Hapana. "Likisukumwa?" Linawaka. Akatikisa kichwa, akalala chali chini ya usukani, tochi ya simu mdomoni.

Dakika moja haikuisha akaniita niinamie. Juu ya mkono wa pedali ya klachi kuna kidude cha plastiki, ukubwa wa kidole gumba, kina plagi. Wengine wanakiita sensa, wengine swichi, kwenye gari langu ni swichi hasa, ina kipini kinachobonyezwa na pedali. Plagi ilikuwa imechomolewa, inaning'inia. Waya zake mbili zimekatwa, zimesokotwa pamoja, zimeviringishwa tepu nyeusi, na zimesukumwa nyuma ya zulia zisionekane.

WALIUNGA WAYA. Walibadilisha klachi, wakaona gari bado linagoma, wakajua wamekosea, wakaunganisha waya ili kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, iamini kwamba klachi imekanyagwa saa zote, mchana na usiku. Halafu wakanikabidhi funguo wakitabasamu. Ule ulinzi uliowekwa ili gari lisirukie watu likiwa kwenye gia, wameuua, na hawakusema neno. Ndiyo maana kruzi ilikuwa haishiki: gari linaamini mguu wangu uko kwenye klachi, kruzi itashikaje?

Dogo akanielewesha kwa lugha ya kawaida kabisa. Ile P0704 haisemi klachi imekufa. Inasema saketi ya swichi ya klachi ina hitilafu, yaani ni swichi yenyewe, au plagi yake, au waya kati ya hapo na kontrol boksi. Ile pleti ya klachi, iliyo kati ya injini na gia boksi, haina waya hata mmoja, mashine itaipimaje? Kwa hiyo hawa watu wazima walisoma neno moja kwenye kioo wakashusha gia boksi.

Alivyopima, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilichukua dakika kumi tu na lingeniokoa milioni. Alifumua ule msokoto, akarudisha waya kama zilivyotakiwa. Funguo ikiwa imefunguliwa akaangalia kwenye plagi kama umeme unafika: unafika, volti 12 na kitu. Akaondoa shaka ya waya. Akageukia swichi yenyewe, akaweka mita kwenye ule mlio wa tii unaolia njia ikiwa imeunga, akanipa pedali nikanyage. Ilitakiwa ilie kila ninapokanyaga na inyamaze kila ninapoachia. Nilikanyaga mara kumi. Ililia mara tatu. Mara ya nne ililia kwa kukatakata kama redio ya mbali. "Hii hapa, braza. Meno ya ndani yamekwisha." Akanionyesha pia kale kaplastiki kadogo kwenye pedali kanakogusa kipini. Kwenye magari mengine ndiko kanakovunjika, kipini kinatumbukia kwenye tundu na swichi haibonyezwi ipasavyo, na swichi yenyewe ni nzima kabisa. Kangu kalikuwa kazima.

Swichi mpya Moshi hatukupata, Arusha nilikuwa sitaki hata kuisikia. Ikaagizwa Kariakoo, ikaja na basi la usiku. 85,000, kifurushi 10,000. Kuifunga: akachomoa waya hasi wa betri, akafungua kava la chini ya usukani, akatoa ya zamani, akaweka mpya na kuirekebisha urefu ili ishike pedali ikikaribia chini na si katikati. Akafuta ile kodi. Halafu, hiki ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote, hakunipa funguo. Alianza kwa kujaribu kuliwasha BILA kukanyaga klachi, gia ikiwa huru na hendibreki juu. Likagoma. "Linatakiwa ligome," akasema. Akakanyaga, likawaka. Akarudia mara kumi na zaidi. Swichi ya zamani akaniwekea kwenye mfuko wa nailoni bila kuombwa.

Ufundi 40,000. Jumla yote 135,000.

Nikapita Unga Limited njiani nikirudi, na ile swichi ya zamani nimeishika mkononi kama kielelezo. Mnajua alichonijibu yule mkuu? "Si gari lilikuwa linawaka, mzee? Sisi tulikusaidia." Nikamuuliza klachi yangu ya zamani iko wapi, kwa sababu nataka kuipima unene. "Ilishaenda chuma chakavu." Ndani ya wiki mbili! Na stata? Kimya. Kile kile cha gari langu.

Sasa nawauliza wenye uzoefu: hili nianzie wapi? Kuna anayeniambia Tume ya Ushindani, kuna anayesema mahakama ya mwanzo, na shemeji anasema nimwachie Mungu. Shemeji hakulipa yeye.

NYONGEZA 1: Naona watu wananijia juu, "na wewe kwa nini ulimpa mtoto funguo". Sawa, hilo kosa ni langu, nimelipokea na nyumbani nimeshasemwa vya kutosha. Lakini swichi ile imewekwa na kiwanda kwa ajili ya siku ambayo mtu anakosea. Walionitolea ule ulinzi kimyakimya siyo mtoto.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyesema kuunga waya ni kawaida, machalii wa Chuga wote wanafanya. Najua wanafanya. Ukiwa umekwama porini huko Longido saa mbili usiku, unga, fika nyumbani. Ila mwambie mwenye gari, na kesho yake weka swichi. Halafu angalia na aina: magari mengine yana sensa isiyogusana, inasoma sumaku, ina waya tatu au zaidi. Huko ukiunga ovyo utauza gari ulipie kontrol boksi.

NYONGEZA 3: Uzi umewafikia. Mkuu wa gereji amenipigia mchana huu, sauti laini, ananiita "mzee wangu". Anataka kunirudishia elfu hamsini na kunibadilishia oili bure, nami nifute uzi. Nimemwambia alete kwanza pleti yangu ya zamani nimpime nayo. Akakata simu.