Tupeane uzoefu: Jukiboksi ya pamoja kwa MPD, kila mtu anachagua wimbo kwa simu yake

MwanzishaMada
Wakuu, mada ni hii: kompyuta moja imeungwa kwenye spika, nyimbo ziko ndani yake, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya hapo anachagua wimbo kwa simu, unaingia kwenye foleni na kusubiri zamu. Hakuna kugombea Bluetooth. Iwe ofisini, hosteli au mgahawani, kazi ni ile ile.

Naanza na MPD (Music Player Daemon, programu ya Linux inayocheza muziki chinichini na kuongozwa kupitia mtandao) kwa sababu ni nyepesi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 inatosha kabisa, na laptopu kuukuu iliyovunjika kioo inafaa vilevile. Kwa Debian au Raspberry Pi OS:

`sudo apt install mpd mpc`

Kisha fungua `/etc/mpd.conf`. Mistari inayohitajika kwa kuanzia ni michache:

```
music_directory    "/srv/muziki"
playlist_directory "/var/lib/mpd/playlists"
db_file            "/var/lib/mpd/tag_cache"
state_file         "/var/lib/mpd/state"
bind_to_address    "any"
port               "6600"
auto_update        "yes"

audio_output {
    type        "alsa"
    name        "Spika za ukumbini"
    device      "hw:CARD=Device"
    mixer_type  "software"
}
```

Malizia na `sudo systemctl restart mpd`, `mpc update`, halafu `mpc stats` uone idadi ya nyimbo. Mwenye kujua kipengele ashushe: amri, namba, kinachoharibika na kwa nini. Stori za nani alifanya nini tuziache, uzi usijae.

FundiWaya
Mkuu, neno `Device` kwenye huo mstari wa kadi ya sauti si la kunakili tu. Endesha `aplay -l` uone jina la kadi yako. Kadi nyingi za USB za bei nafuu hujitambulisha hivyo, lakini si zote. Tumia jina, usitumie namba kama `hw:1,0`. Namba hubadilika mashine ikiwashwa upya, hasa kukiwa na HDMI, na asubuhi unakuta muziki unatoka kwenye skrini isiyo na spika.

Ukipata "Device or resource busy", kuna programu nyingine imeshika kadi, mara nyingi PulseAudio au PipeWire, mifumo ya sauti ya mazingira ya mezani. `sudo fuser -v /dev/snd/*` itakutajia nani. Kwa mashine ya jukiboksi ni bora uweke mfumo usio na mazingira ya mezani kabisa. Tatizo linaisha hapo hapo.

Pi 5 haina tundu la 3.5 mm. Pi 3 na 4 zinalo, ila sauti yake ina mchakacho wa chinichini unaosikika spika zikiwa kubwa. Kadi ya USB, au ubao wa kupachika juu ya pini kama HiFiBerry, ni nafuu ya kweli. Kwa DAC (kigeuzi cha sauti ya kidijitali) ya HiFiBerry ongeza `dtoverlay=hifiberry-dac` kwenye `config.txt`, ambayo siku hizi iko `/boot/firmware/`.

Bi_Tarakilishi
Kabla watu hawajaanza kulia kwamba mashine haionekani kwenye simu, vipo vitu viwili.

Kwanza `mpd.socket`. Debian huja na huduma hiyo inayofungua mlango (port) 6600 wa mtandao kwa niaba ya MPD. Ikiwa imewashwa, mstari wa `bind_to_address` hauhesabiwi. Unaweza kuuhariri hadi jioni bila kuona badiliko. Ama uhariri faili la socket lenyewe, ama ulizime:

`sudo systemctl disable --now mpd.socket`
`sudo systemctl enable --now mpd.service`

Pili, rauta. Wi-Fi ya wageni mara nyingi huzuia kifaa kuongea na kifaa kingine. Kila simu inaona intaneti tu. Kila kitu kwenye seva kiko sawa, ila simu inasema haipati mashine. Zima kizuizi hicho au waweke wasikilizaji kwenye mtandao mmoja na seva. Halafu iwekee seva anwani isiyobadilika kwenye rauta.

Na tafadhali, mlango 6600 usiutoe nje kwenye intaneti. Nenosiri la MPD hupita wazi bila kufichwa.

Kidhibiti
Hapa ndipo jukiboksi nyingi zinapofia. Kuifunga ni dakika 20. Shida ni ruhusa. Ukiiacha ilivyo, kila mwenye simu anaweza kuruka wimbo wa mwenzake, kufuta foleni na kupandisha sauti. Siku ya pili watu wanagombana.

```
default_permissions "read,add"
password "nenolasiri@read,add,player,control,admin"
```

Mgeni anaona maktaba na kuongeza wimbo, basi. Hawezi kuruka, kufuta wala kugusa sauti. Msimamizi anaweka nenosiri kwenye programu yake na kupata yote. Neno `player` limeingia toleo la 0.23, kama `mpd --version` inaonyesha la zamani zaidi, liondoe, la sivyo MPD itagoma kuwaka.

Mianya miwili ibaki kichwani. Ruhusa ya `add` inamruhusu mtu kuongeza folda nzima kwa mguso mmoja, na foleni kwa kawaida hubeba hadi nyimbo 16384. Weka `max_playlist_length "40"`. Mwanya wa pili: amri ya `addid` inakubali kutajiwa nafasi, kwa hiyo programu yenye kitufe cha "cheza kinachofuata" inaweza kumvusha mtu mbele ya foleni. MPD yenyewe haina dawa ya hilo. Hapo ni ustaarabu.

MwanzishaMada
Mkuu Kidhibiti, na foleni ikiisha? Mgeni hana ruhusa ya kubonyeza cheza, si muziki unakufa hadi msimamizi arudi?

Kidhibiti
Swali zuri, na ndilo wengi hawalioni hadi ukumbi unyamaze. Hatua ya kwanza, panga hali ya uchezaji:

`mpc consume on; mpc random off; mpc repeat off; mpc single off`

`consume` inaondoa wimbo kwenye foleni ukishachezwa. `random` ikiwa imewashwa, zamu hazina maana tena.

Hatua ya pili, hati fupi inayokaa macho. Foleni ikibaki na wimbo mmoja, inaongeza mmoja wa bahati nasibu, na uchezaji ukisimama inauanzisha:

```
#!/bin/bash
export MPD_HOST=nenolasiri@localhost
while true; do
  n=$(mpc playlist | wc -l)
  [ "$n" -lt 2 ] && mpc listall | shuf -n 1 | mpc add
  mpc status | grep -qE 'playing|paused' || mpc play
  timeout 30 mpc idle player playlist >/dev/null
done
```

Usiongeze kumi kwa mkupuo. Mgeni atasubiri zote kumi ndipo wake usikike. Kwa mpangilio huu anasubiri ule unaocheza na mmoja wa kujazia. `timeout 30` ni kwa ajili ya tukio linalopita katikati ya mzunguko bila kuonekana. Neno `paused` limo makusudi, bila hilo hata adhana au simu ya bosi haikupi nafasi ya kunyamazisha. Ila ujue: ukitaka kimya tumia `mpc pause`, kwa sababu `mpc stop` hati itaipindua papo hapo. Iendeshe kama huduma ya systemd yenye `Restart=always`.

MzeeWaZilipendwa
Niongezee la mafaili. MPD huendeshwa na mtumiaji anayeitwa `mpd`, hivyo muziki ulioko ndani ya `/home/fulani` au diski iliyojifungua yenyewe chini ya `/media` mara nyingi hausomeki, na maktaba inaonyesha 0. Jaribu `sudo -u mpd ls /srv/muziki`. Ikikataa, tatizo ni ruhusa za folda, wala usiguse kitu kingine.

Diski ya nje iingize kwenye `/etc/fstab` kwa UUID (namba ya utambulisho wa diski), na usisahau `nofail`. Bila hilo, diski ikichomolewa mashine inakwama wakati wa kuwaka. Kuna mtego mwingine: `auto_update` ikikuta folda tupu kwa sababu diski haijashika, MPD inafuta maktaba yote kwenye kumbukumbu zake. Nyimbo hazijaguswa, ila utalazimika kusoma upya. Ongeza `RequiresMountsFor=/srv/muziki` kupitia `sudo systemctl edit mpd`, chini ya `[Unit]`.

Lebo (tags, yaani taarifa za wimbo ndani ya faili) ndizo zinazochosha. Nyimbo za kupakua huja na anwani ya tovuti badala ya jina la msanii, na lebo za mtindo wa zamani wa ID3v1 hukata jina la wimbo kwenye herufi 30. Mgeni anatafuta kwa jina, kwa hiyo lebo mbovu ni sawa na wimbo haupo. Programu za kuhariri lebo, Picard na Kid3, zinasaidia, lakini kwa taarab na dansi la zamani tegemea kuandika kwa mkono.

Halafu ukubwa wa sauti. Rekodi za zamani ni za chini, za sasa zimebanwa hadi juu. Watu wanakimbilia kitasa kila wimbo ukibadilika. Pima kwa `rsgain easy /srv/muziki`, kisha kwenye `mpd.conf` weka `replaygain "track"`. Kwa jukiboksi si "album", kwa kuwa nyimbo zinachanganywa. `volume_normalization` ni njia ya mkato, lakini inabana hata pale utulivu ulipokusudiwa.

Kuhusu nafasi: MP3 ya 320 kbps ya dakika 4 ni kama MB 9.6, hivyo nyimbo 1000 ni karibu GB 10. FLAC, isiyopunguza ubora, ni mara tatu hivi. Kwenye spika za ukumbini hakuna atakayekuambia tofauti.

Bi_Tarakilishi
Programu za simu: M.A.L.P. kwa Android inafanya kazi vizuri na iko F-Droid (duka la programu huria). Kwa wasiotaka kusakinisha, myMPD inafunguka kwenye kivinjari. Angalizo moja: ukiipa myMPD nenosiri la msimamizi, kila anayefungua ukurasa huo anakuwa msimamizi. Iache iingie kama mgeni.

KebooNaSpika
Vyumba viwili au zaidi? Snapcast. MPD inatoa sauti kwenye bomba (faili maalumu la FIFO linalopitisha data kati ya programu), Snapserver inaisambaza, na kila chumba kina Pi yenye Snapclient. Zote zinacheza kwa pamoja bila mwangwi.

```
audio_output {
    type       "fifo"
    name       "Snapcast"
    path       "/tmp/snapfifo"
    format     "48000:16:2"
    mixer_type "software"
}
```

Milango ni 1704 kwa sauti na 1705 kwa udhibiti. Kosa linalorudiwa ni "Permission denied" kwenye `/tmp/snapfifo` ingawa ruhusa za faili zinaonekana sawa. Ni kernel (kiini cha Linux): kinga ya `fs.protected_fifos` inazuia kuandika kwenye bomba la mtumiaji mwingine ndani ya `/tmp`. Hamishia bomba folda nyingine, kisha badilisha njia pande zote mbili, `mpd.conf` na `snapserver.conf`.

Mvumo kwenye spika hata muziki ukiwa umesimama mara nyingi ni mzunguko wa ardhi (ground loop) kati ya chaja ya Pi na amplifaya. Chomeka vyote kwenye soketi moja kwanza. Ukibaki, kuna kichujio kidogo cha kutenganisha ardhi kinachokaa kwenye waya wa sauti.

FundiWaya
Umeme pia. Pi 4 inataka 5.1 V na 3 A; chaja ya simu mara nyingi haitoshi, sauti inakatika-katika na watu wanalaumu Wi-Fi. `vcgencmd get_throttled` ikirudisha `0x0` uko salama. `0x50005` maana yake umeme ni mdogo sasa hivi, na `0x50000` uliwahi kupungua tangu mashine iwake. Na umeme ukikatika ghafla mara kwa mara kadi ya memori huharibika, kwa hiyo tunza nakala ya `mpd.conf` na ya hati ya foleni mahali pengine.

MzeeWaZilipendwa
Kwa wenye baa na migahawa: kupiga muziki mbele ya wateja kunahitaji leseni, hata kama nyimbo ulizinunua. Tanzania ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ni ya 2001. Ulizeni kabla ya kufunga spika nje.

Mgeni_Mpya
Shikamooni. Nimefuata yote, foleni inasogea, dakika zinahesabika, lakini spika kimya. Nimewasha upya mara tatu.

Kidhibiti
Marahaba. Andika `mpc outputs`. Kama inasema "disabled", tumia `mpc enable 1`. MPD hukumbuka hali hiyo ndani ya `state_file`, ndiyo maana kuwasha upya hakusaidii. Ikiwa "enabled", angalia `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi, na kama kuna MM chini ya mstari bonyeza M.