Matairi ya gari: tununue mtandaoni au tubaki na duka la mtaani?

Mleta mada (Tabata, Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulizungumze kwa uzito wake. Kila wiki kuna mtu ananitumia tangazo la "tairi mpya, bei ya ofa, tunakuletea ulipo", akiniuliza kama alipie. Jibu langu ni lile lile tangu mwaka jana: usitoe hela kabla hujaziona namba nne. Nitaeleza ni namba zipi, ila kwanza nisikilizeni yaliyonikuta.

Nina Toyota IST, inavaa tairi za saizi 185/65R15. Mwaka 2023 duka la mtaani kwetu walinitajia 145,000 kwa tairi moja. Mtandaoni nikakuta aina ile ile kwa 115,000. Kwa manne, tofauti ni 120,000. Nikalipa kwa simu. Jioni bodaboda akayaleta yamefungwa nailoni, yananukia mpira, vile vinyweleo vya tairi jipya bado vimesimama. Nikampa 15,000 yake. Kesho yake nikaenda kwa fundi: kufunga 5,000 kila tairi, balansi 5,000 kila tairi, valvu mpya 3,000 kila moja. Pigeni hesabu na nauli ya boda, 67,000 imeshatoka. Yule wa dukani vyote hivyo vilikuwa ndani ya bei yake. Kwa hiyo nilichookoa ni 53,000. Na fundi wakati anapiga nyundo ya mwisho akaniambia neno ambalo sikulitilia maanani: "Kaka, haya hukununua kwangu. Likitokea lolote usinifuate."

Miezi minane baadaye tunakwenda msibani Tanga, mimi, dada yangu na wanawe wawili. Tumeshapita Mkata, saa saba mchana, jua la utosi, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Pancha unaisikia, gari linalemea upande taratibu na unapata muda wa kusimama. Hili lililia kama bunduki, gari likaanza kurusha mkia. Nikashika usukani kwa mikono miwili bila kugusa breki mpaka likajivuta lenyewe pembeni. Mungu mkubwa, nyuma yetu hakukuwa na lori. Nilipogeuka, dada alikuwa amemkumbatia mtoto mdogo kwa nguvu hadi mtoto analia kwa kubanwa.

Tulipolitoa, mpira wa juu ulikuwa umebanduka kama soli ya kiatu na ubavu wote umejaa vimistari vya kukauka. Nikamulika kwa simu ule upande uliokuwa unaangalia uvungu. Imeandikwa 1416. Maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2016. Nililinunua kama jipya, kumbe lina miaka saba.

Hizo ndizo namba nne ninazozisema. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mlolongo wa herufi na namba hadi mwisho wake. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Utaratibu huu ulianza mwaka 2000. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la karne iliyopita. Na hapa ndipo wengi tunapopigwa: mlolongo kamili huenda uko upande mmoja tu. Upande wa pili unaweza kuwa na DOT lakini bila tarehe. Nilirudi kuangalia picha nilizotumiwa siku ile. Zote zilipigwa upande usio na tarehe.

Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Joto na oksijeni vinaukausha, na ule mshikamano wa mpira na mikanda ya chuma iliyo ndani unalegea, huku kashata za juu, yaani yale matuta ya mpira yanayogusa barabara, zinaonekana kama za jana. Ndiyo maana watengenezaji kama Michelin na Continental wanashauri tairi lisivuke miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata bado ni nene. Na mtu wa Dodoma au Dar anayeegesha juani kutwa asisubiri miaka yote hiyo.

Msimamo wangu: tairi linunuliwe dukani, pale unapochuchumaa, ukaligusa, ukasoma, ukalikataa. Na kesho mlango unaujua. Asiyekubaliana aseme.

Dada wa Sinza

Pole sana kaka, na tumshukuru Mungu kwa ajili ya hao watoto. Ila ngoja nikupinge.

Wewe ukiingia duka la tairi unaambiwa bei. Mimi nikiingia naulizwa kwanza, "Gari la mume wako?" Mwaka juzi nilitajiwa 180,000 kwa tairi la Vitz. Nikatoka nje nikampigia kaka yangu, akaenda duka lile lile mchana huo huo, akatajiwa 130,000. Duka hilo nililikuta limepanga matairi nje, juani, tangu asubuhi hadi kufunga. Nilipoomba risiti ya EFD nikaambiwa bei itabadilika.

Mtandaoni bei imeandikwa, naiona mimi na anaiona mwanaume. Mtu akinijibu vibaya nahamia kwa mwingine bila kutoka kitandani. Unaposema "mlango unaujua", mimi mlango huo naujua na sitaki kuurudia.

Mleta mada

Dada, hapo umenigusa na sina la kukubishia. Sikuwahi kuliona kwa upande huo. Basi tukubaliane kwa nusu: bei tuitafute mtandaoni, halafu tuende nayo dukani kwenye simu. Muuzaji akiiona anashuka. Ila hela itoke baada ya kusoma namba.

Fundi tairi (Arusha)

Salaam wakuu. Nina miaka 19 kwenye kazi hii, na nina masilahi nayo, mjue hivyo mnaponisoma.

Umri ni jambo moja. Kosa ninaloliona zaidi kwa watu wanaoagiza ni kuagiza kwa namba ya rimu peke yake. Juzi kijana kaja na Hiace, kaagiza 195/65R15 kwa sababu "na yenyewe ni kumi na tano". Hiace yake inavaa 195R15C. Hiyo C mwisho ni ya gari la kazi. Ubavuni kwenye yale aliyoleta imeandikwa 91, maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Ya Hiace inaandikwa 106, yaani kilo 950. Anapakia abiria kwenda Karatu. Nilimkatalia kufunga, akanuna, akaondoka nayo. Sijui kama aliyafunga kwingine, na linanisumbua mpaka leo.

La pili ni matairi yanayokuja na magari kutoka Japani. Mengine ni ya theluji. Yameandikwa STUDLESS ubavuni, kashata zake zina mikato mingi myembamba kama kitana. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7. Huku kwetu linaisha kama kifutio. Watu wanayavua, wanayasafisha, wanayapaka mafuta yang'ae, wanayauza kama "used safi ya Japani", na mtandaoni picha inapendeza kweli.

La tatu ni kuchonga. Tairi likishakuwa kipara kuna mtu analichonga upya kwa kisu cha moto. Ukilishika, ingiza kidole kwenye mfereji. Mfereji wa kiwandani chini ni laini na una vituta vidogo vya alama ya kuisha, vyenye kimo cha milimita 1.6. Uliochongwa unakwaruza, na vile vituta vimekatwa. Kidole hakiingii kwenye picha, ndugu zangu.

Ila simtetei kila mwenye duka. Kuchonga huko kunafanyika nyuma ya maduka pia. Mleta mada anadhani duka peke yake linatosha. Halitoshi kama hujui unachokitafuta.

Dereva wa taksi mtandao (Mbezi)

Mnaongea kama kila mtu ana laki sita za kubadilisha manne kwa mpigo. Mimi gari si langu. Napeleka hesabu kwa mwenye gari kila Jumatatu, mafuta juu yangu, tairi juu yangu. Nanunua moja moja, used, 50,000 hadi 60,000, popote litakapopatikana, na mara nyingi ni kwenye kundi la WhatsApp la madereva wenzangu. Anayeniuzia ni mtu ninayemfahamu, naye kesho atahitaji kitu kwangu. Huo kwangu ndio mlango.

Mleta mada

Kaka, sikulaumu kwa kununua used. Nakuuliza moja tu: hilo la 60,000 unasoma namba kabla ya kufunga? Used la 2021 lililotunzwa nalichukua mimi mbele ya "jipya" la 2016.

Dereva wa taksi mtandao (Mbezi)

Kusema kweli nilikuwa naangalia kashata tu.

Mwalimu (Songea)

Wenzangu mliopo Dar mna anasa ya kuchagua. Nina Suzuki Escudo inayovaa 215/65R16. Hapa Songea tairi la pikipiki, la Hiace na la Fuso utapata saa yoyote. La kwangu nilizunguka siku mbili, nikapewa saizi "inayokaribiana". Bila kuagiza kwa simu gari langu lingekaa juu ya mawe.

Utaratibu wangu ni huu. Nampigia muuzaji simu ya video, si picha. Namwambia azungushe tairi taratibu mbele ya kamera, upande wa kwanza, kisha upande wa pili, mpaka nizione namba nne za kila tairi, na naziandika kwenye daftari. Nalipa nusu. Nusu nyingine nalipa mzigo ukishapokelewa ofisi ya basi na risiti ya kifurushi nimetumiwa. Ukifika, naulinganisha na daftari kabla ya kuondoka stendi. Muuzaji mmoja alikata simu nilipomwambia ageuze upande wa pili. Nikajua.

Nimeshaagiza mara mbili hivyo. Sijadhulumiwa.

Mtanzania (Hannover, Ujerumani)

Nichangie kidogo kutoka huku. Kampuni moja kubwa ya kuuza matairi mtandaoni Ulaya, Delticom, iko mji huu ninaoishi, ilianza mwaka 1999. Watu wananunua kwa wingi na hawaogopi, na sababu si kwamba Wajerumani ni waaminifu kuliko sisi. Unapoagiza, unachagua gereji ya jirani yako kwenye orodha, tairi linapelekwa pale moja kwa moja, fundi analipokea na kulifunga kwa bei ya ufundi inayojulikana. Fundi hana kinyongo na wewe kwa kununua kwingine, maana yeye anaishi kwa ufundi. Huku wengi wanabadilisha mara mbili kwa mwaka, ya theluji na ya kiangazi, kwa hiyo kazi haikauki.

Kwetu fundi wa dukani anamfungia bure anayenunua kwake, kwa sababu faida yake iko kwenye tairi. Ndiyo maana ukija na la nje anakwambia usimfuate. Pia kila tairi jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lina lebo ya kiwango, tangu mwaka 2012, inayoonyesha linavyoshika kwenye maji na linavyokula mafuta. Mnunuzi analinganisha bila kushika. Sisi tunabaki na macho na vidole.

Ndugu wa Mombasa

Haya yatuhusu sote wa pwani. Zamani Kenya tulikuwa na tairi za Yana zikitengenezwa Nairobi, na Tanzania mlikuwa na General Tyre pale Arusha. Tairi likitoka kiwandani lilikuwa halina safari ndefu. Kiwanda cha Nairobi kilifungwa 2016, na chenu kilishasimama kabla yake. Sasa karibu kila tairi laja kwa meli, lakaa kontena, lakaa bandarini, lakaa ghala la muagizaji, ndipo lifike dukani au mtandaoni. Chanzo ni kimoja! Yule wa dukani na yule wa mtandaoni mara nyingi wachukua ghala moja. Hivyo mimi simwoni tofauti muuzaji, naitazama tarehe.

Mleta mada

Kaka wa Mombasa, umenifanya nifikiri. Nikiri kwamba mwalimu wa Songea amenunua kwa simu kwa uangalifu kuliko mimi ningenunua dukani mwaka ule. Lakini bado nasimama hapa: asilimia kubwa yetu hatutapiga simu ya video wala kushika daftari. Tutaona "ofa" na tutalipa. Kwa mtu wa namna hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao, duka lenye mlango ni salama zaidi.

Fundi tairi (Arusha)

Mwalimu, hongera kwa utaratibu wako. Nikuulize tu: kwenye daftari lako kuna namba ya spea? Escudo spea yake inaning'inia mlango wa nyuma, inakula jua mwaka mzima kuliko hayo manne.

Mwalimu (Songea)

Ngoja nitoke nje na tochi.

Mwalimu (Songea)

Nimerudi. Manne yote ni ya 2022. Spea ilibidi nifungue kava, sijawahi kulifungua tangu ninunue gari hili. Ina upepo, kashata zimejaa, haijawahi kugusa barabara. Ubavu una nyufa za kuingiza ukucha. 3709.