Mjadala: Ni haki kumlazimisha mwenye nyumba atafute mkandarasi mwenye leseni ndipo aunganishiwe umeme?

Mleta mada (Muriet, Arusha)

Wakuu, huku kwetu nyumba mpya zinaota kila kona na suala hili halikwepeki. Ukiomba TANESCO wakuvutie umeme, wayaringi yako lazima ithibitishwe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Sasa tuseme ukweli wa mtaani. Kazi yenyewe anafanya fundi jirani, yule yule aliyekufungia taa za kibandani wakati wa msingi. Nyumba ikiisha ndipo anatafutwa "mwenye muhuri". Huyo yuko mjini, hajui hata kwako unapandia daladala gani. Analipwa, anagonga, basi.

Kwa hali hiyo sharti linamlinda nani? Mjini, ada ya njia moja ya umeme, ndani ya mita 30 na bila nguzo, ilipangwa sh 320,960 mwaka 2022. Ongeza waya, paipu, breka, ufundi, halafu na muhuri. Wenye kipato kidogo wanaishia kwa vishoka, wale wasio na leseni. Napendekeza fundi yeyote mwenye cheti cha VETA aruhusiwe kusaini, ukaguzi ubaki kwa shirika.

Mkandarasi (Njiro)

Ndugu yangu, kuhusu muhuri wa kuuzwa sibishani na wewe. Wapo, na wanatuharibia. Ila pendekezo lako linaanguka hapa: savea wa TANESCO akija kwako anaangalia umbali wa nguzo na mahali pa kufunga mita. Ukuta hafumui. Paipu zimeshafunikwa na plasta, atajuaje waya gani umepita humo?

Nitoe mfano wa huku kwetu. Juni na Julai Arusha ni baridi, kila mtu anataka shawa ya moto. Zile za wati 5,500 kwenye volti 230 zinavuta karibu ampia 24. Fundi anachukua umeme kwenye soketi ya chumbani, waya wa 2.5 (unene wa milimita 2.5 za mraba) ambao una pasi na friji tayari. Breka inajiangusha. Badala ya kuvuta waya mnene peke yake kwa ajili ya shawa, anafunga breka ya ampia 32, na mwenye nyumba anamsifu kwamba tatizo limeisha! Breka ile kazi yake ni kulinda waya. Ukiweka kubwa kuliko waya, kitakachoanza kuungua ni waya, ndani ya ukuta, wakati breka imetulia tu.

Ndiyo maana kabla umeme haujawashwa tunapima kwa mega, yaani mashine ya kupima ganda la waya. Inasukuma volti 500 kuona kama ganda la waya linavujisha, na ikisoma chini ya megaomu 1 huwashi kitu. Tesita ya mfukoni haiwezi kukuambia hilo.

Na leseni hazikuwekwa kwa matajiri. Kuna madaraja A, B, C na D, halafu W ya mafundi wa wayaringi. Kijana wa VETA ana pa kuanzia.

Mama mwenye vyumba vya kupangisha (Pasua, Moshi)

Baba, maelezo mazuri, lakini mimi nilimlipa mwenye leseni kabisa, si kishoka. Akaja mara moja, tena plasta imeshakauka, akatazama meni swichi na kuondoka. Mpangaji wangu akaanza kulalamika friji inampiga shoti akiigusa bila viatu. Kufukua ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, kumbe nondo imezikwa nusu kwenye changarawe na waya wake umelegea. Nilipompigia yule bwana akaniambia nimtafute fundi aliyefanya kazi. Fundi naye akasema yeye hakusaini popote.

Sasa hapo nimshike nani?

Mkandarasi (Njiro)

Aliyesaini, mama. Saini ni yake, fundi ni wa kwake kumsimamia. Peleka malalamiko EWURA, ndio waliompa leseni. Na kwenye vyumba vya kupangisha weka pia breka ya uvujaji, ya miliampia 30. Inakata umeme ukianza kupita kwa mtu.

Fundi wa mtaani (Kwa Mrombo)

Mnatusema kama hatupo. Ninayetindua ukuta, kulaza paipu na kuvuta waya ni mimi, na hao wakandarasi wengi ndio wanaonipa hizo kazi! Tena mteja mwenyewe anakuja na waya mwembamba wa bei ya kutupa, ukimwambia kwenye soketi tunaweka 2.5 anakuona unataka cha juu. Machalii wa mtaani tunabeba lawama za watu watatu.

Mleta mada (Muriet)

Basi nibadilishe hoja. Leseni ibaki, ila saini igawanywe mara mbili: ya kwanza paipu na waya zikiwa wazi kabla ya plasta, ya pili siku ya kupima, na majibu ya mega na ya ethi yaandikwe kwa namba kwenye karatasi anayobaki nayo mwenye nyumba. Asiyefika mara zote mbili asisaini. Hapo hata mimi nitalipa bila kunung'unika.

Mama (Pasua)

Hiyo naiunga mkono. Lakini kufika mara mbili si bei mara mbili?

Mkandarasi (Njiro)

Itapanda, nisikudanganye. Si mara mbili, ila mafuta na muda vinahesabiwa. Nyumba tatu nne za mtaa mmoja zikijipanga siku moja, naweza kushusha.

Fundi (Kwa Mrombo)

Na mtu wa kijijini anayeunganishiwa kwa sh 27,000, mkandarasi gani atampandia mlimani mara mbili? Huyo ataendelea kuja kwangu, na mimi mega sina.